Larrey, munganga aliyehesabu masaa ya majeruhi

Kwetu Masisi na Walikale, mtu akipigwa risasi, ama pikipiki ikianguka naye, swali la kwanza ni moja: atafika hospitali namna gani, na saa ngapi? Ukitoka Ntoto ama Katoyi, mara mingi ni kipoyi kwanza. Watu wanne wanabeba, wengine wanne wanatembea nyuma wakingoja kupokezana. Halafu inakuja pikipiki, na labda mwishoni gari. Mvua ikinyesha, barabara inageuka matope, na masaa yanaendelea kupita.

Swali hilo ni la zamani sana, na liko na historia yake. Kuna munganga mmoja aliyelibeba miaka zaidi ya 200 iliyopita, akiwa katikati ya vita vikubwa vya Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Hakuishia tu kulia juu ya watu waliokufa njiani. Alihesabu, alilinganisha, alibadilisha kazi, halafu akahesabu tena. Jina lake ni Dominique-Jean Larrey. Wakati hospitali inatuma ambulansi, ama muuguzi anaamua nani aingie kwanza chumba cha upasuaji, kuna kitu cha Larrey ndani yake.

Mtoto wa fundi viatu

Larrey alizaliwa tarehe 8 Julai 1766 katika kijiji cha Beaudéan, kwenye milima ya Pyrénées, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi viatu, na alikufa mapema. Mtoto alipofika karibu miaka 13, alitumwa kwa baba yake mdogo Alexis, munganga mkubwa wa kupasua katika mji wa Toulouse. Alienda kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 100. Huko alijifunza kazi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1787 akaondoka tena kwenda Paris kutafuta masomo zaidi.

Maisha yakampeleka kwanza baharini. Alishinda mtihani wa wanganga wa meli za vita, akasafiri hadi Newfoundland, upande wa Amerika ya Kaskazini. Aliporudi alisoma Paris kwa munganga maarufu Desault, katika hospitali ya Hôtel-Dieu. Wakati huo Ufaransa ilikuwa inaingia katika mapinduzi. Mwaka 1792 vita vilianza na majirani, na Larrey akatumwa katika jeshi la mto Rhin. Alikuwa na miaka 26.

Kilomita zilizoua watu

Kufika kule, alikuta sheria moja ya jeshi: magari ya wanganga yalipaswa kukaa nyuma ya mapigano, umbali wa karibu kilomita 4 ama 5. Majeruhi walibaki palepale walipoanguka mpaka vita viishe. Njo hapo tu magari makubwa na mazito yalikuja kuwaokota. Mtu angeweza kulala chini siku nzima, hata siku na nusu, akitoka damu. Kama jeshi lake lilikuwa limeshindwa na kukimbia, alibaki mikononi mwa adui.

Wakubwa wa jeshi waliona hali hiyo sawa vile mtu anaona mvua: jambo la Mungu tu, halina dawa. Larrey aliona tofauti. Aliona wenye kufika mapema wanapona zaidi, na wenye kuchelewa wanafika tayari wameishiwa nguvu, kidonda kimeharibika. Basi akajiuliza kama shida ilikuwa risasi peke yake, ama risasi pamoja na masaa ya kungoja.

Jibu la vitendo alilipata kwa kuangalia upande wa silaha. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na mizinga myepesi iliyokokotwa na farasi, ikikimbia kutoka upande moja wa vita hadi mwingine. Kama chuma cha kuua watu kinaweza kukimbia hivyo, juu ya nini munganga asikimbie? Akaomba ruhusa ya kutengeneza magari mepesi ya wanganga, na kufika mwaka 1793 yalikuwa yanafuata askari karibu kabisa na mapigano. Watu wakayaita ambulansi zinazoruka.

Farasi, ngamia na mpangilio wa watu

Mwaka 1797, katika vita vya Italia, Larrey alipanga kazi hiyo vizuri kabisa. Kikosi kimoja cha ambulansi kilikuwa na watu karibu 340, kikigawanyika mara tatu. Kila sehemu ilikuwa na magari mepesi 12 na mazito 4. Ndani ya gari jepesi la magurudumu mawili, majeruhi wawili walilala juu ya godoro. La magurudumu manne lilibeba wanne na lilifaa milimani. Magari yalikuwa na springi ili mifupa iliyovunjika isigongwegongwe njiani. Yeyote aliyepanda pikipiki akiwa na mguu uliovunjika, kutoka Nyabiondo kushuka, anaelewa maana ya springi.

Ila gari lilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa watu: wanganga, wauguzi, wabebaji, watunza farasi, kila mmoja akijua kazi yake kabla vita vianze. Munganga mwingine mkubwa wa wakati huo, Percy, naye alipanga vikosi vya watu wa kubeba machela. Mpaka leo machela, sawa na kipoyi chetu, inafika pale gari lisipofika.

Mwaka 1798 Larrey alivuka bahari na jeshi la Bonaparte kwenda Misri. Katika mchanga, magari yake hayakufaa. Hakushikilia kitu alichogundua Ulaya ati kwa sababu ni chake. Alichukua ngamia, akaweka kikapu kimoja kila upande, na ndani ya kila kikapu majeruhi mmoja amelala. Mnyama wa palepale, mafundi wa palepale, kazi ileile. Katika safari ya Syria mwaka 1799 aliona tena jambo la kushangaza: funza waliozaliwa ndani ya vidonda walikula nyama iliyokufa na kuacha nyama yenye uhai, na vidonda vile vilisafika. Watu walichukia kuwaona. Yeye aliandika alichokiona.

Katika kazi hiyo yote, Larrey alishika sheria moja: mwenye hali mbaya zaidi anaangaliwa kwanza, bila kutazama cheo wala upande anaotoka. Jenerali mwenye kidonda kidogo alingoja, askari wa kawaida mwenye kutoka damu nyingi alitangulia. Adui aliyeanguka naye alihudumiwa. Leo hospitali zinaita jambo hilo triaje.

Wale ambao hawakuingia katika hesabu

Hapa tunafika kwenye mabishano makubwa ya maisha yake, nayo yanafundisha sana mtu yeyote mwenye kutaka kufanya utafiti juu ya huduma za dharura.

Wakati ule, mkono ama mguu uliovunjwavunjwa na mzinga ulikatwa, kwani hakukuwa dawa nyingine ya kuzuia uozo. Swali lilikuwa: kata lini? Mara moja, ama baada ya majuma kadhaa, wakati mgonjwa ametulia? Chuo cha wanganga wa kupasua cha Paris kilitoa zawadi mwaka 1756 kwa munganga Faure, aliyetetea kungoja. Baada ya vita vya Fontenoy vya mwaka 1745, watu karibu 300 walikatwa viungo mapema, na karibu 30 tu walipona. Faure akaleta majeruhi wake 10 waliongojewa kwanza, halafu wakakatwa. Wote 10 walipona. Kwa kuangalia haraka, hesabu ilikuwa imemaliza maneno.

Lakini tutulie kidogo. Wale 10 walikuwa nani? Walikuwa watu ambao tayari wameishi majuma yote ya kungoja. Waliokufa wakingoja hawakufika mbele ya kisu, kwa hiyo hawakuingia katika hesabu ya Faure. Ni sawa vile mtu asimame mlangoni mwa hospitali, ahesabu wanaoingia wakiwa wazima kiasi, halafu atangaze kwamba barabara haiui mtu.

Larrey alikuwa pale majeruhi walipoanguka. Aliwaona wote, pamoja na wale ambao hawakufika mbali. Alikusanya matokeo yake na ya wanganga wenzake wa nchi kavu na wa meli, akafikia neno hili: kama kiungo hakiwezi kuokolewa, kikatwe ndani ya masaa 24 ya kwanza. Baadaye aliandika kwamba kwa njia hiyo zaidi ya robo tatu ya waliokatwa waliokoka. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, na leo tungetaka ipimwe na watu wengine. Lakini njia yake ya kufikiri imebaki: ukitaka kujua huduma ya dharura inasaidia ama haisaidii, anza kuhesabu pale mtu alipoanguka, hapana pale alipofika.

Baridi ya Eylau

Mwezi wa Februari 1807, Wafaransa na Warusi walipigana Eylau, katika theluji. Ilikuwa baridi ambayo hata mtu wa milima ya juu ya Masisi hajawahi kuijua. Dawa za usingizi za upasuaji zilikuwa bado kugunduliwa. Larrey aliona kwamba majeruhi waliokuwa wameganda kwa baridi hawakusikia maumivu sana kisu kilipopita. Aliona pia kwamba waliokimbilia kuotea moto karibu sana ndio miguu yao iliharibika na kuoza.

Jambo la pili lilikuwa na ukweli ndani yake: kiungo kilichoganda kinaharibiwa na joto kali la moto. Lakini kutoka hapo alishauri watu wasugue kiungo kwa theluji, na wanganga walimfuata kwa zaidi ya miaka 100. Wachunguzi waliokuja baadaye walionyesha kwamba kusugua kunaumiza nyama zaidi, na kwamba maji ya uvuguvugu njo yanafaa. Heshima ya Larrey haipungui juu ya hilo. Jambo lililoonekana na macho ya mtu mmoja, hata awe fundi namna gani, linangoja kupimwa na wengine. Kama jina kubwa linazuia watu kupima tena, hapo watu wanaumia.

Vita viliendelea. Mei 1809, baada ya mapigano ya Essling, daraja la mto Danube lilivunjika na majeruhi wakafungiwa katika kisiwa cha Lobau bila chakula. Larrey alichinja farasi, na supu ikapikwa ndani ya vifuniko vya chuma ambavyo askari wa farasi walivaa kifuani. Mwaka huohuo Napoleon alimpa cheo cha baroni. Septemba 1812, Borodino, Urusi, alikata viungo karibu 200 kwa siku moja. Wakati wa kurudi kwa taabu, kwenye mto Beresina, inasimuliwa kwamba askari walimbeba juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, mpaka akavuka daraja lililojaa watu.

Tuseme ukweli wote. Huyu alikuwa munganga wa jeshi lililovamia nchi za watu, na ambulansi zake zilifuata zaidi kikosi cha walinzi wa mfalme. Majeruhi maelfu na maelfu hawakuwahi kuziona. Lakini kazi yenyewe ilimzidi bwana aliyemtumikia.

Mikono ya vijana wa Dresden

Kama kuna siku moja ya maisha ya Larrey ambayo watu wa kwetu wangepaswa kuijua, ni ya mwaka 1813. Napoleon alikuwa amepoteza jeshi lake Urusi, akakusanya vijana wapya wasiojua vita. Mwezi wa Mei walipigana Lützen na Bautzen, upande wa Ujerumani. Baada ya hapo, vijana wengi sana walionekana na vidonda vya vidole na mikono. Wakubwa wa jeshi wakaanza kusema: hawa wamejipiga wenyewe ili warudishwe nyumbani. Adhabu iliyokuwa inangoja ilikuwa kifo.

Kwa macho, mashtaka yalionekana ya kweli. Vidonda vilikuwa vya namna moja, na watu walikuwa vijana waoga. Larrey alipewa kuongoza kikundi cha wanganga cha kuchunguza, na wakubwa walitaka jibu la haraka. Alikataa haraka hiyo. Kule Dresden walipita kwa majeruhi zaidi ya 2,000, mmoja mmoja, siku kadhaa, wakiangalia kidonda na kuuliza namna kila mmoja alivyosimama vitani.

Akapata sababu nyingine. Askari walipiga wakiwa katika mistari mitatu, mmoja nyuma ya mwingine. Vijana wasio na mazoezi, katika moshi na woga, wakiwa mstari wa nyuma walipiga risasi karibu sana na mikono ya wale wa mbele waliokuwa wameinua bunduki. Kidonda kilikuwa kweli kimetoka upande wao, ila hakikuwa cha kujitakia. Ripoti yake ilisema hakuna ushahidi wa kuwahukumu vijana hao.

Kupeleka ripoti ile kwa Napoleon ilikuwa hatari, kwani mfalme alikuwa amekwisha kukasirika na wakubwa walikuwa wamemshauri vingine. Napoleon aliisoma, akaikubali, na akampa Larrey zawadi. Vijana wakaachiliwa. Hapakuwa dawa mpya wala kisu. Uchunguzi peke yake, uliofanywa polepole na bila woga, uliokoa watu.

Mwisho wa safari

Juni 1815, Waterloo, Larrey alikuwa tena kati ya majeruhi. Alijeruhiwa na kukamatwa na Waprusia, na karibu wampige risasi. Munganga mmoja wa upande wao alimtambua, juu alikuwa amewahi kusikiliza mafundisho yake Berlin. Alipelekwa kwa jemadari Blücher, ambaye mtoto wake Larrey alikuwa amemtibu alipokuwa majeruhi mikononi mwa Wafaransa. Akaachiliwa. Njo matunda ya kutibu adui.

Baada ya Napoleon kuanguka, alipoteza vyeo na pato kwa muda, lakini hakuacha kazi. Vitabu vyake vya kumbukumbu za upasuaji wa vita, vilivyoanza kutoka mwaka 1812, vilisomwa katika nchi nyingi. Mwaka 1820 aliingia katika Akademia ya uganga ya Ufaransa ilipoanzishwa. Napoleon alipokufa mwaka 1821, wasia wake ulimwachia franka 100,000. Mwaka 1842, akiwa na miaka 75, alienda Algeria kukagua hospitali. Akiwa njiani kurudi, aliugua na kufa Lyon tarehe 25 Julai, siku chache tu baada ya mke wake Élisabeth, ambaye alikuwa mchoraji. Mwaka 1992 mifupa yake ilihamishiwa Invalides, Paris, pale alipowahi kuwa munganga mkubwa wa askari wazee.

Sheria ya kumtibu kila majeruhi bila kuangalia upande wake iliingia katika mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa kwa kundi lililokuja kuitwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Daftari la kijiji

Hospitali zetu ziko na rejista. Zinaandika nani ameingia, ana kidonda gani, ametoka vipi. Lakini mtu aliyekufa juu ya kipoyi, katika pori kati ya kijiji na barabara, hayuko katika rejista yoyote ya hospitali. Amezikwa, familia imelia, basi. Kama tunahesabu wale waliofika tu, tunarudia hesabu ya Faure.

Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mashini kubwa. Mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunamwita reko, anaweza kuandika mambo machache: saa mtu alipojeruhiwa, saa alipoondoka, saa alipofika, alibebwa na nini, kidonda kiko wapi, njiani alisaidiwa namna gani, na kama alikufa, alikufa wapi. Baada ya miezi, zone ya afya inaweza kuona masaa yanapotelea wapi: ni kutafuta wabebaji, ni daraja, ni bariera, ni kungoja pesa ya motari? Kila jibu liko na dawa yake tofauti, na bila hesabu tunabishana tu.

Ila tusisahau Dresden. Katika vita, kidonda cha risasi kinaweza kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu, na orodha ya majeruhi inaweza kuwa orodha ya kuwindwa. Kwa hiyo karatasi ya utafiti isiwe na jina, wala kabila, wala kundi. Iwe na namba, na ikae kwa mwenye dhamana ya afya peke yake. Mgonjwa, ama familia yake, aelezwe na akubali. Kama watu wanaogopa daftari, watawaficha majeruhi wao nyumbani, na masaa yataongezeka.